Breki za mbele za IST: pedi tu, kuchonga diski, mtumba wa Japani au diski mpya? Nataka nifanye mwenyewe nyumbani

MpigaKasia (Kigamboni)

Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST ile ya kwanza ya cc 1490, wiki ya tatu sasa nikikanyaga breki nikiwa kwenye 80 au zaidi usukani unatetemeka mpaka mikono inasikia, nikiachia breki unatulia kabisa kama hakuna kitu. Afu tairi la mbele kushoto kuna mlio wa chuma kusagana, asubuhi ndo unasikika zaidi. Balansi nimefanya, haikubadilisha chochote.

Nimeenda kwa mafundi watatu nikapewa majibu matatu. Wa kwanza kasema lete hela ya pedi tuweke tusonge. Wa pili kasema diski zimepinda zote nunua mpya. Wa tatu anataka nizitoe akazichonge, yaani azikwangue kwa mashine ziwe laini. Kilichoniuma ni kwamba hata mmoja hakufungua tairi akaangalia, wote wamejibu wamesimama na mikono mfukoni. Mimi gari hii ndo nampeleka mama kliniki kila Ijumaa, siwezi kubahatisha kwenye breki.

Nimezunguka maduka ya spea ya Gerezani kuulizia, bei nilizopewa ni hizi: pedi za kawaida elfu 35, pedi jenuini elfu 95, diski mpya sio za Toyota jozi laki na sitini, diski za mtumba wa Japani jozi elfu 70, kuchonga elfu 15 kwa kila diski. Nimeamua nifanye mwenyewe Jumamosi uani, jeki na spana ninazo. Nyie mngechagua nini na kwa nini?

Kijana_wa_Chuga

Weka pedi mpya tu mkuu. Spacio yangu ilikuwa inasaga hivyohivyo, nikaweka pedi, mlio ukaisha siku hiyohiyo, nusu saa kazi imeisha.

DadaWaDom

@Kijana_wa_Chuga ulikuwa na mlio tu au na usukani ulikuwa unatetemeka? Maana hayo ni matatizo mawili. Mlio pedi mpya inaweza kuumaliza, kutetemeka hapana, kwa sababu kinachotetemesha ni diski sio pedi.

Kijana_wa_Chuga

Mlio tu. Kutetemeka hakukuwepo.

FundiMstaafu

Kijana wangu MpigaKasia, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, nakuomba kabla hujatoa hata shilingi moja ufungue tairi zote mbili za mbele uangalie. Hao watatu kila mmoja anaweza kuwa sahihi na kila mmoja anaweza kuwa amekosea, gari ndo itasema.

Umeeleza vizuri na hapo umeshajisaidia. Usukani ukitetemeka muda wote kwenye spidi bila kukanyaga breki hiyo ni balansi au rimu. Ukitetemeka pale unapokanyaga tu hiyo ni diski za mbele. Ungesema usukani umetulia ila pedeli inapigapiga mguu na kiti kinacheza, ningekwambia angalia madramu ya breki za nyuma kwanza.

Sasa hili neno "imepinda" watu wanalitumia sana ila mara nyingi diski haijapinda kama sahani. Inakuwa na unene usiolingana, hapa nene, pale nyembamba kidogo sana, jicho halioni, lakini pedi inapopita inashikwa na kuachiwa, kushikwa na kuachiwa, ndo unausikia kwenye usukani. Na chanzo kikubwa ninachokiona ni kutu kwenye habu, pale diski na tairi zinapofungwa. Fundi anavua diski anaweka nyingine juu ya kutu bila kusafisha, diski inakaa upande kidogo sana, inaanza kugusa pedi kila mzunguko hata hujakanyaga, baada ya kilomita elfu chache imeshaliwa sehemu moja. Unanunua diski mpya, miezi mitatu tatizo limerudi, unalaumu diski. Wewe uko Kigamboni, upepo wa bahari huo, kutu ndo nyumbani kwake.

Kwaiyo utapima. Diski yenyewe imeandikwa, ama kwenye ile kofia ya katikati ama ubavuni, utaona MIN na namba ya milimita. Piga brashi ya waya utaisoma. Huo ndo unene wa mwisho, chini ya hapo diski haichongwi na haitumiki. Na kwa gari ndogo za Toyota tofauti ya diski mpya na hiyo MIN mara nyingi ni milimita 2 tu, yaani milimita 1 kila upande. Mtu akikwambia tutachonga kidogo muulize atabakisha ngapi. Azima venia, kile kipimo cha fundi chuma, upime sehemu ambayo pedi inapita, sio ukingoni, ukingo haujaliwa utakudanganya.

BahariniMsa

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nasimama na kuskimu, ndio kuchonga kwenu, na nataka nieleze kwa nini maana watu wengi huku wameikatia tamaa bure. Probox yangu nilinunua diski mpya za bei ya chini mara ya kwanza, hazikumaliza mwaka zikaanza kutetemesha. Zile za zamani zilizokuja na gari nilikuwa sijazitupa, nikapima, zilikuwa bado ziko juu sana ya MIN, nikazipeleka kwa mtu wa lethi, ile mashine ya kuchongea chuma, akanitolea kidogo sana kila upande, nikazirudisha, mpaka leo nimekanyaga Nairobi na kurudi sijui mara ngapi na usukani umetulia. Chuma cha zamani cha kiwandani mara nyingi ni kizuri kuliko hicho kipya cha bei rahisi. Lakini wapima kwanza, na wachonga zote mbili kushoto na kulia, usichonge moja ukaacha nyingine gari itavuta upande.

Pia mtu wa lethi awe ni mtu wa diski. Kuna mwenye mashine anayechonga shafti za pampu kutwa nzima, diski yako ataifunga vibaya aitoe mbaya kuliko ulivyompa.

DadaWaDom

Mimi niseme kuhusu mtumba maana nimeununua na nikajuta. Muuzaji kanionyesha jozi imepigwa msasa inang'aa, kasema hii imetoka Japani haijapita kwenye vumbi, nikalipa. Nimefika nyumbani mume wangu kapima, moja ilikuwa nyembamba kuliko ile niliyoitoa kwenye gari! Ile nyingine ilikuwa nzima. Yani ile jozi hata haikutoka kwenye gari moja. Kurudisha ikawa vita.

Sisemi mtumba wote mbaya. Kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) ya mtumba wa Japani ningenunua hata kesho, taa, kioo, bampa, vyote. Lakini kitu kinacholiwa kwa kutumika, pedi na diski, mtu wa kwanza ameshakila na wewe unanunua makombo. Ukilazimika basi nenda na venia mkononi upimie hapohapo kaunta, muuzaji akikasirika ondoka.

Nyanda_za_Juu

Mimi natoka Uyole, natembea Mbeya Dar na Noah yangu karibu kila mwezi. Ningekuwa wewe ningenunua diski mpya na pedi nzuri na mafuta ya breki, vyote kwa mpigo, na nisingejadili. Wanaosema pedi za elfu 35 zinatosha hawajawahi kushuka Kitonga na mzigo. Kuna mwaka nilikuwa na pedi za bei hiyo, nikashuka kwenye D, gia ya kawaida ya otomatiki, nakanyaga breki mwendo wote, nusu ya mteremko nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, moshi tairi la mbele, na pedeli ikawa laini kama nimekanyaga sponji, inazama tu. Nilivuta handbreki polepole nikashusha gia mpaka L ndo gari ikashikwa. Familia yote ilikuwa ndani. Mafuta yalikuwa hayajabadilishwa tangu gari inatoka bandarini, yameshanyonya maji, yakichemka yanafanya mvuke na mvuke unabonyea, ndo maana pedeli inazama.

Siku hizi nashuka na gia ya chini tangu juu, breki nagusa kwa vipindi.

FundiMstaafu

Nyanda kasema kweli kuhusu mafuta. DOT 3, hilo ni daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya kabisa inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka kama 140. DOT 4 inaanzia 230. IST inatumia DOT 3 na ukiweka DOT 4 hakuna shida yanachanganyika. DOT 5 usiweke, hiyo ni silikoni haipatani na hizo. Kopo likishakaa wazi miezi usilitumie, linanyonya unyevu wa hewa hata limesimama kwenye shelfu.

MpigaKasia

Shkamoo mzee FundiMstaafu, na asanteni nyote. Venia nimepata kwa jirani anafundisha chuo cha ufundi VETA. Naomba mzee unipe hatua kama unamwelekeza mtu aliyewahi kubadili tairi na plagi tu.

FundiMstaafu

Marahaba. Nitaandika kwa urefu, soma mara mbili kabla ya Jumamosi.

Egesha pale palipo sawa. Najua Kigamboni nyua nyingi ni mchanga, kwaiyo tafuta kipande cha ubao mnene uweke chini ya jeki isizame, na mawe nyuma ya tairi za nyuma pande zote. Legeza nati za tairi, spana 21, gari ikiwa bado chini, ndo upandishe. Ukishapandisha weka stendi ya chuma ya kubeba gari. Huna stendi usianze kazi. Matofali yanapasuka ghafla bila kukuonya, na jeki ya maji inashuka yenyewe, nimeona kwa macho yangu kijana amevunjika mkono kwa jambo hilo. Tairi ulilotoa liingize chini ya bodi kama akiba.

Fanya upande mmoja uishe ndo uende wa pili, hivyo ukisahau kitu kilivyokaa unaenda kuchungulia upande mwingine. Kalipa ina bolti mbili za spana 14 nyuma. Ukizitoa kalipa inavuka juu ya pedi, ifunge na waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa ule mpira wake wa mafuta, mpira unaumia kwa ndani na hutauona. Toa pedi, zilaze mezani kwa mpangilio, ya ndani na ya nje, uzilinganishe. Hapo ndo kuna habari yote. Zikiwa zimeliwa sawa basi kalipa inafanya kazi. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, hapo pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimeganda, au pistoni inayosukuma pedi inashika, na ukiweka pedi mpya bila kurekebisha unatupa hela.

Pini zile mbili zivute kwa mkono. Zinatakiwa kuteleza kama kidole kwenye sabuni. Moja ina kimpira mwishoni na nyingine haina, kumbuka ipi ilitoka wapi usizibadilishane. Zifute, na grisi ni ile ya silikoni au ya breki yenyewe, sio grisi ya beringi. Grisi ya mafuta ya petroli inavimbisha mpira, pini inaganda ndani ya tundu lake, kalipa inashindwa kusogea. Mafundi wengi wanaweka hiyo kwa sababu ndo iko kwenye kopo karibu yao.

Diski ukitaka kuitoa, bolti mbili za spana 17 za mabano yanayoshika kalipa. Zimekaza, tumia bomba refu. Diski ikikataa kutoka usiipige nyundo kwa hasira, ina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza bolti mbili za milimita 8, zile za kichwa cha spana 12, kaza moja zamu na nyingine zamu, itajisukuma yenyewe. Habu sugua kwa brashi na msasa mpaka uone chuma safi, hasa mzunguko wa zile stadi. Tumia robo tatu ya muda wako hapo. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kompresa, futa na kitambaa cha maji, kuna pedi ambazo vumbi lake si la kuingia kifuani.

Diski mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, zisafishe kwa brek klina, dawa ya kusafishia breki, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kabla ya kurudisha pistoni fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, chota kidogo kama imejaa, maana ukisukuma pistoni mafuta yanarudi juu na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Sukuma na klampu polepole, weka pedi ya zamani katikati usije kukwaruza pistoni.

Kukaza: zile za 14 ni 34 Nm kwenye torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nati za tairi 103 Nm, za mabano ni zaidi ya mara mbili ya zile za 14. Nati za tairi kaza kwa msalaba, sio kwa mzunguko, na usikaze kwa nguvu zako zote kupita kiasi, hiyo pia inaivuta diski.

Na hili liandike kwenye karatasi uliweke juu ya usukani: KABLA HUJAWASHA GARI PAMPU BREKI. Baada ya kurudisha pistoni pedeli itazama mpaka chini mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu amemaliza kazi vizuri, anarudi nyuma kutoka uani, anakanyaga, hakuna breki, anaingia ukuta wa jirani.

Kijana_wa_Chuga

Mzee hii naihifadhi. Kumbe mimi sikuangalia pini kabisa, wiki hii nafungua tena.

MpigaKasia

Wakuu nimerudi, Jumamosi imepita, nawapa yote.

Nilianza kulia. Diski ina mistari midogo, bado iko juu ya MIN kwa kama nusu milimita, pedi zimeliwa sawasawa, pini zinateleza. Nikasema mbona afadhali, ntachonga tu kama alivyosema ndugu wa Mombasa.

Nikaenda kushoto. Pedi ya nje ilikuwa imebaki karibu nusu. Ya ndani imeisha kabisa, kimebaki chuma kitupu kinang'aa kama kisu kilichonolewa, na diski upande wa ndani ina mifereji ambayo ukucha unazama. Ukisimama nje ukichungulia kupitia rimu unaona ile ya nje nzuri, ndo maana hata mimi nilikuwa nachungulia naona ziko sawa! Pini ya chini ilikataa kutoka, nimeizungusha na koleo kama dakika ishirini inatoka nywele kwa nywele, ilipotoka kile kimpira kimevimba kimekuwa kama pipi iliyolowa, na ndani kuna grisi nyeusi nzito ya beringi. Mtu alishaifungua huko nyuma akaweka hiyo.

Nimepima kushoto, iko chini ya MIN tayari. Kwaiyo kuchonga hakukuwa na nafasi, na kuchonga ya kulia peke yake ni kama alivyosema BahariniMsa. Nikavuka Gerezani hiyohiyo mchana, nikanunua diski mpya jozi, pedi nikachukua Advics, hao ndo wanawatengenezea Toyota wenyewe, bei ilikuwa katikati ya zile mbili nilizowapa, vifaa vya mpira wa pini na grisi ya silikoni. Diski nilizipimia kaunta zote mbili, asante DadaWaDom, muuzaji alishangaa ila hakukasirika.

Habu ya kushoto kutu ilikuwa imefanya magamba, msasa vipande vitatu vimeisha. Karatasi nilibandika kwenye usukani kama mzee alivyosema, pedeli kweli ilizama mara nne ndo ikaanza kuwa ngumu, nywele zilisimama nikifikiria ningesahau.

Afu nikaenda ile barabara ya Kibada jioni kuna nafasi. Kwenye 80 nakanyaga, usukani kimyaaa.

BahariniMsa

Hapo umefanya sawa kabisa ndugu yangu, ikishapita MIN mimi pia sichongi. Ile ya kulia waweza kuitupa, mwenzake amekufa.

Nyanda_za_Juu

Pedi na diski mpya umezizoesha? Usianze kukanyaga ghafla. Tafuta barabara tupu, toka 60 shuka mpaka kama 10 kwa kukanyaga wastani, usisimame kabisa, rudia mara nane mpaka kumi, afu tembea kidogo bila kugusa breki zipoe. Na ukitoka safari ndefu usipeleke gari kuosha palepale, maji ya baridi kwenye diski ya moto yanaharibu kazi yako yote. Mafuta je?

MpigaKasia

Nimezoesha jana usiku. Mafuta nimebadili Jumapili na mdogo wangu akinikanyagia, yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi, tumeenda mpaka yakatoka meupe tairi zote nne. Ijumaa mama alikaa mbele, hakujua kama nimefanya kitu, aliuliza tu kwa nini leo gari haipigi kelele tukifika kwenye matuta.

DadaWaDom

Mungu amtunze mama.

FundiMstaafu

Umefanya kazi nzuri kijana. Wiki hii ukitoka mwendo wa nusu saa, simama, sogeza kiganja karibu na rimu ya kushoto kisha ya kulia, usiguse. Joto lilingane. Kushoto ikiwa moto zaidi basi bado kuna kitu kinashika, huenda mpira wa pistoni, kwa sababu ile kalipa imefanya kazi imepinda muda mrefu. Na ukifika kilomita elfu moja fungua lile tairi moja tu uangalie pedi ya ndani.

MpigaKasia

Nimetoka kupima sasa hivi nikitokea Kongowe, zinalingana mzee. Ya ndani ntaifungua ikifika elfu na ntaweka picha hapa.